Hermína na Tangazo la Kifo cha Mumewe

Hermína Kubalová hakuwahi kugombea cheo chochote maishani mwake, lakini katika kijiji chetu cha Vyšná Smrečina hakuna mtu aliyesikika kumzidi. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, kuanzia kiwanda cha mbao kule bondeni hadi makaburini juu. Ungekuwa bustanini, zizini, hata chooni, ungemsikia tu. Kwanza ulipigwa wimbo mmoja wa kienyeji, wa fidla na kodiani, ili watu wapate muda wa kufungua madirisha. Kisha yeye: "Wanakijiji wapendwa, naomba mnisikilize." Kuku wa kutaga wamefika mbele ya duka, wauzaji hawakai sana. Maji yatakatika barabara ya juu. Mzee fulani ametimiza miaka themanini, na watoto wake wanampa wimbo aupendao. Na mtu akifa alitangazwa hapo hapo, kwa wimbo wa huzuni.

Hili la vifo nataka mlielewe mapema, maana kisa chote kimekaa hapo. Kwetu mtu asiyetangazwa ni kama hajafa sawasawa. Watu hawaendi mazishini kwa fununu za dukani. Wanangoja vipaza sauti vitaje saa na mahali, na viseme ni mazishi ya namna gani, ndipo wanatoa nguo nyeusi kabatini. Kinachosemwa pale juu ndicho kinachowapanga: nani aje, asimame wapi, ashike nini mkononi.

Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na mengi ya haya niliyasikia mezani kwake akimenya viazi. Akikasirika alimenya mpaka kiazi kikabaki kama yai la njiwa. Na alikasirika mara nyingi, kwa jambo moja lililomkaa rohoni: sauti ilikuwa yake, maneno hayakuwa yake.

"Jirani," aliwahi kuniambia, "mimi ni bomba. Wanamimina kule, yanatokea huku. Nani anauliza bomba linapenda maji gani?"

Maneno aliletewa yameshaandikwa. Enzi za Chama, kile cha Kikomunisti, aliletewa habari za gwaride la Mei Mosi, na onyo kwamba asiyetundika bendera mbili dirishani, yetu na ya Warusi, ataulizwa kulikoni. Kisha ukaja ule msimu wa baridi ambao watu walijaa viwanjani wakitikisa funguo zao mpaka serikali ikaanguka, akaletewa tangazo kwamba sasa tuko huru, mkutano utafanyika ukumbi ule ule. Miaka michache baadaye sisi Waslovakia tukaachana na Wacheki, akaamriwa asubuhi ya mwaka mpya apige wimbo wa taifa mara mbili. Mumewe, Ctibor, alikuwa jikoni akikoroga supu ya kabichi chachu. Alisikiliza mpaka mwisho, mkewe aliporudi akamuuliza, "Kwa hiyo tumelala nchi moja tumeamka nyingine. Na lile shimo mbele ya posta, limebaki upande wa nani?"

Maneno yalibadilika hivyo, lakini mkono ulioyaleta, karibu miaka yote, ulikuwa mmoja: mkono wa Vendelín Hrčka.

Vendelín alikuwa katibu wa halmashauri ya kijiji enzi za Chama, kijana wa suti ya kijivu na sauti ya upole. Mambo yalipogeuka alijitenga kidogo, akawa anafuga nyuki. Aliporudi alikuwa na rozari. Alikaa benchi la mbele kanisani, siku ya maandamano ya Ekaristi alishika mti mmojawapo wa ule mwavuli mkubwa anaotembea chini yake padre, na hotuba zake zikaanza na "sisi Waslovakia, taifa la Kikristo". Watu wakamchagua mwenyekiti wa kijiji. Wakamchagua tena na tena. Ukiuliza mmoja mmoja, hakuna hata mtu aliyempigia kura.

Sasa, mama yake Hermína alikufa wakati Vendelín bado ni katibu. Alikuwa bibi wa kanisa hasa, wa kusali hata akikamua ng'ombe. Hermína alitunga tangazo mwenyewe: misa kanisani saa nane, baada ya hapo maziko. Vendelín akalisoma, akatoa kalamu, akaukata mstari wa misa.

"Ndugu Hermína, hivi vipaza sauti ni vya serikali. Kanisa lina kengele yake, lipige. Wewe taja saa ya makaburini tu."

"Ndugu Katibu, huyu ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakwambia kwa upole."

Akasoma kama ilivyokatwa. Na kijiji kikafuata kilichosikia. Nani angetaka kuonekana kwenye misa ambayo haikutangazwa? Kanisani walikuwapo jamaa na vibibi wawili watatu, padre anasoma na sauti yake inamrudia kutoka kwenye mabenchi matupu. Makaburini watu walifurika mpaka barabarani. "Mama yangu alikiombea kijiji kizima," Hermína alikuwa akisema, "na siku yake kijiji kizima kilikuwa kinamngoja nje ya geti." Kila alipofika hapo, kiazi kilikwisha.

Ctibor mumewe hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita kuu ya pili, tulipokuwa na ile nchi yetu ya kwanza ambayo rais wake alikuwa padre. Aliona familia ya Weisz, Wayahudi wenye duka, wakipakiwa kwenye gari ambalo halikuwarudisha, na watu waliokuwa wanakopa sukari kwao. Jumapili watu wakaenda kanisani wakaimba kama kawaida, na baada ya hapo vitu vya akina Weisz vikapigwa mnada uwanjani. Mama yake mwenyewe Ctibor alinunua mfarishi wa manyoya ya bata bukini. Mtoto alikataa kulala chini yake. Akachapwa, akakataa. Alipokua aliacha kanisa bila kelele, akaingia Chama, maana Chama kilisema watu wote ni sawa. Huko nako alikaa mpaka vifaru vya Warusi, vya hizo zilizoitwa nchi rafiki, vilipoingia. Kamati ikamwita kumuuliza anaonaje ujio wa marafiki. Akajibu, "Rafiki anabisha hodi kwanza." Wakamfukuza Chamani, wakamwondoa kwenye ufundi mkuu wa matrekta ya ushirika, wakampa koleo la kuzoa samadi.

Kwa hiyo Wanachama walimwita msaliti, na baada ya mabadiliko wenye rozari mpya wakamwita mkomunisti. Alisema hajui aende wapi akatukanwe na watu wake mwenyewe.

Mkewe kwa upande wake hakukosa misa. Kila Jumapili Ctibor alimsindikiza mpaka kwenye geti la kanisa, akakaa kwenye benchi la nje na kiko chake, akamngoja, wakarudi pamoja wakibishana juu ya mahubiri ambayo mmoja aliyasikia na mwingine hakuyasikia. Wakati wa sensa, Vendelín alimletea Hermína tangazo lenye mstari wa mwisho wa kukumbusha kwamba Mslovakia wa kweli anaijua dini ya babu zake. Akasoma. Kufika nyumbani, Ctibor ameshajaza: dini, hakuna.

"Umenitia aibu! Mimi nimetoka kutangaza sasa hivi."

"Wewe umetangaza ya Vendelín. Mimi nimejaza ya Ctibor."

"Na kwenye taifa umeandika nini, bwana mjuaji?"

"Mslovakia. Hilo sikupewa na padre, kwa hiyo padre hawezi kuninyang'anya."

Majira ya kuchipua ya mwaka ule wa uchaguzi wa vijiji moyo wa Ctibor ulianza kumwangusha. Jioni moja niliwapelekea jibini la kondoo, akanivutia kiti.

"Kaa, jirani, uwe shahidi. Huyu mke wangu moyo wake laini, kesho watamgeuza." Akamwangalia Hermína. "Nikifa sitaki padre. Sitaki wimbo wa Bikira. Sitaki kusemwa eti nimeitwa na Bwana. Sijaitwa, moyo umechoka, basi. Utangaze: Ctibor Kubala, fundi, amekufa, anazikwa siku fulani saa fulani, anayetaka aje."

"Na mimi nitakutafuta wapi huko?" Hermína akauliza. Hakuwa anatania.

"Si utamuuliza Mungu wako? Mnaelewana nyinyi."

"Usinichezee, Ctibor."

"Sikuchezei, mama. Niombee unavyotaka, ukiwa mwenyewe, hata usiku kucha. Ila pale juu ya nguzo usinitie mbinguni kwa nguvu. Huko Vendelín ameshajiwekea kiti, tutagombana."

Hermína alicheka, kisha akafuta macho kwa aproni, kisha akamwahidi. Nilimsikia akiahidi. Na mjue ahadi ile ilimgharimu, kwa sababu yeye aliamini kila neno la katekisimu, na kitu alichokitamani kuliko vyote ni kengele, padre na maji ya baraka juu ya jeneza la mtu wake.

Ctibor alikufa mwanzoni mwa Septemba, kwenye benchi lile lile la nje, misa ikiendelea ndani.

Padre Radovan, kijana tu, alikuja nyumbani jioni ile na baiskeli yake. Hermína akamweleza ahadi, na macho yake yakawa yanamwomba padre aivunje yeye.

"Mama Hermína," padre akasema, "mimi namzika anayetaka kuzikwa na Kanisa. Yeye hakutaka, na aliniambia hivyo mara mbili, tena kwa adabu. Nikija na maji ya baraka nitakuwa namvamia."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Kesho asubuhi nitaitoa misa kwa ajili yake, uje. Hayo siyo mazishi yake, hiyo ni sala yetu mimi na wewe."

Hapo kwa upande wa Kanisa neno likaisha. Aliyekuwa na Ukatoliki kumshinda padre alikuwa kule halmashauri.

Asubuhi baada ya misa nilimsindikiza Hermína kwa mwenyekiti. Ukutani, juu ya kiti chake, palikuwa na msalaba na nembo ya taifa. Vendelín alisimama, akamshika mikono yote miwili.

"Dada Hermína, pole. Pole sana. Ctibor alikuwa fundi ambaye hatutampata tena." Akasoma alichoandika Hermína, akatoa kalamu. Mimi nilimwona Hermína akiiangalia ile kalamu. "Hapa na hapa umesahau."

"Sijasahau."

"Marehemu wetu wote tunawatangaza namna moja. Wimbo wa Bikira, kwa mapenzi ya Mungu ameitwa kwa Bwana, halafu rozari saa ngapi. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa halmashauri."

"Halmashauri si ndiyo wewe?"

Vendelín akatabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. "Dada, Novemba tunapiga kura. Watu watasema nini? Hrčka ameruhusu mazishi ya kipagani kwenye vipaza sauti vya kijiji cha Kikristo. Hii ni nchi ya msalaba, uko kwenye bendera yetu, siyo mimi niliyeuweka."

"Mwenyekiti, padre mwenyewe amesema haji!"

"Padre ni kijana. Anaweza kubadili mawazo."

"Ctibor hawezi."

Kisha Hermína akaongea taratibu, na mimi nikajua tumefika pabaya, maana akiongea taratibu ndipo amekasirika hasa.

"Mama yangu alimtaka Mungu, ukamkatia. Mume wangu hamtaki, unambandika. Vendelín, hebu niambie, una ugomvi gani na watu wangu?"

"Zilikuwa nyakati zile, dada." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Sote tulisoma tulichopewa. Hata wewe."

Lilimwingia. Ni kweli alisoma, miaka yote ile alisoma, na mtu wa kumkumbusha hilo alipaswa kuwa yeyote duniani isipokuwa huyu.

"Basi hili silisomi," akasema.

"Basi nitasoma mwenyewe. Ctibor hatuwezi kumwacha bila tangazo, au siyo?"

"Usithubutu."

Tulikuwa hatujavuka daraja wimbo wa Bikira ukaanza. Madirisha yakafunguka. Kisha sauti ya Vendelín, laini, yenye machozi ya kupimwa: kwa mapenzi ya Mungu, na katika faraja ya imani yetu takatifu, ameitwa kwa Bwana ndugu yetu katika Kristo, Ctibor Kubala. Rozari keshokutwa saa saba na nusu kwenye nyumba ya maombolezo getini mwa makaburi, mazishi ya Kikristo saa nane.

Hermína alisimama chini kabisa ya nguzo yenye kipaza sauti. "Yesu na Maria," akasema, "ananiibia maiti." Akainama, akaokota jiwe la mtoni, kubwa la kujaza kiganja, akakitazama kile kipaza sauti huku anapima umbali. Nilifikiri atarusha. Akalitupa mtoni. "Nitakivunja, halafu watasema mjane amechanganyikiwa," akasema. "Hata hasira yangu ataitangaza yeye."

Siku ile na kesho yake alizunguka nyumba hadi nyumba, na mimi nikimfuata, kuwaeleza watu kwamba hakuna padre, hakuna rozari, Ctibor alitaka vile alivyoishi. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo linanichosha nikilifikiria.

"Lakini imetangazwa, mama," wakamwambia.

"Najua imetangazwa. Mimi ndiye mkewe, nakwambia siyo."

"Sisi tumesikia saa saba na nusu, rozari."

"Msikilize mke wa marehemu, basi! Aliyefiwa ni mimi!"

"Pole, mama, pole. Tutakuja. Saa saba na nusu."

Mwanamke aliyewasomea kila kitu kwa maisha yao yote, ambaye sauti yake waliiamini kuliko saa ya mnara, sasa amesimama mlangoni kwa miguu yake, na hawamwamini, kwa kuwa hatoki kwenye nguzo.

Siku ya mazishi walijaa. Walijaa mpaka chini ya ile misonobari ya ukutani, wanawake na rozari, wanaume kofia mkononi, mishumaa ya makaburini imewashwa. Jeneza lilikuwa katikati ya nyumba ya maombolezo, shada la watoto wa dada yake juu. Vendelín alisimama mbele, tai nyeusi. Saa nane ikafika, kengele haikulia. Watu wakatazama njia ya kanisani. Wakatazamana. Hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake. Mazishi kwetu yanaanza padre akifungua mdomo, na mdomo huo haukuwepo.

"Amechelewa," mtu mmoja akanong'ona.

"Baiskeli labda."

Basi Bibi Filoména, anayeongoza rozari tangu mama yake alipofariki, akafanya alichozoea kufanya penye ukimya. Akapiga ishara ya msalaba, akaanza. Wanawake wakaitikia mara moja, ule mvumo wa chini unaojulikana, unaomchukua mtu hata asipotaka. Nilimtazama Hermína. Midomo yake ilikuwa inafuata. Haikutoka sauti, lakini ilikuwa inafuata, neno kwa neno, na machozi yanashuka, na nikasema moyoni: mwache, mama, nani atakulaumu, Ctibor hasikii.

Kisha akainua mkono.

"Filoména, acha."

"Nini? Si tumeshaanza?"

"Acha, shoga yangu. Nyinyi nyote, acheni." Hakupaza sauti. Alitumia ile sauti yake ya kazi, ambayo haihitaji kupazwa. "Padre hajachelewa. Haji. Nimepita kwenu nyumba kwa nyumba kuwaambia, mkanipa pole. Ctibor mnamjua tangu utoto. Tangu awe mtu mzima, kanisani aliingia mara moja tu, kutengeneza saa ya mnara, akatoka. Hii rozari hakuna anayeitamani kama mimi. Leo nitalala peke yangu, nyinyi mtalala na waume zenu. Lakini leo siyo siku yangu, ni yake, na mimi nilimwahidi."

"Dada Hermína," Vendelín akaanza, "huzuni ni kitu—"

"Nyamaza wewe! Wewe umeshatangaza. Sasa natangaza mimi." Akageuka kwa watu. "Ctibor Kubala, fundi wa matrekta, mume wangu, amekufa. Hakuitwa. Moyo ulichoka. Alikuwa Mslovakia, hakuwa Mkatoliki, na hakuwa mkomunisti tangu siku alipowaambia ukweli. Tunamzika sasa hivi. Anayetaka abaki, anayetaka aende."

Familia moja iliondoka, ya jamaa wa mbali wa Vendelín, wakiburuta watoto. Wengine walibaki, na sikuweza kujua kama walibaki kwa heshima au kwa kukosa ujasiri wa kuwa wa kwanza kugeuka. Bibi Filoména alitia rozari mfukoni mwa koti, na mkono wake ukabaki humo. Nilikuwa karibu naye, niliona kitambaa cha mfuko kinatikisika taratibu, punje kwa punje.

Wabebaji walikuwa wanne. Mmoja wao, Ambróz Tomčík wa kiwanda cha mbao, akauliza kwa kunong'ona, "Mama, tuinue?"

"Inueni. Mnangoja nani?"

Wakainua. Tukapanda kilima bila kengele na bila wimbo, kokoto tu zikilia chini ya viatu, na mtu mmoja anakohoa nyuma. Kaburini tukatupia udongo mmoja mmoja. Kwa kawaida kila mtu ana maneno yake ya sala hapo. Sasa walifika kwenye ukingo wakakwama. Mmoja akasema, "Haya, Ctibor." Aliyefuata naye akasema, "Haya, Ctibor." Ikaendelea hivyo mpaka mwisho wa mstari, watu wazima na vyeo vyao, haya Ctibor, haya Ctibor, na nadhani mwenyewe angecheka mpaka kiko kimdondoke.

Laiti ingeishia hapo. Getini Vendelín alikuwa anamngoja Hermína, uso mkunjufu, kana kwamba hakuambiwa anyamaze mbele ya kijiji kizima.

"Umeona, dada? Wamejaa. Lile lako tungelisoma lilivyokuwa, wangekuja wangapi? Watu ishirini? Mimi nimemjazia Ctibor makaburi."

Inawezekana kabisa jamaa alisema kweli. Tangazo la uongo ndilo lililoleta umati, na la kweli lingemwachia Ctibor mabenchi matupu, kama ya mama mkwe wake. Hermína aliondoka amebeba hilo, na lilikuwa zito kuliko matusi. Nyumbani, kwenye chakula cha mazishi, wageni wanakunywa pombe kali ya plamu na kusifu supu, yeye alikaa jikoni mgongo ukutani.

"Alimwiba mara mbili," akaniambia. "Mara ya kwanza kwa kumbandika padre, mara ya pili kwa hesabu ya watu. Na mimi nina shukrani, jirani! Nilipowaona wamejaa nilifurahi. Hicho ndicho kinachoniua."

Hakurudi kwenye maiki. Alimwambia Vendelín kwa simu asimletee karatasi tena, na Vendelín akasema anaelewa, huzuni ina muda wake.

Ila watu walianza kumjia. Siyo wengi, na siyo mchana kweupe sokoni. Walimjia nyuma ya duka, kwenye kona ya posta. Mwanamke wa mkate alimwambia, "Ulisema vizuri, mama, lakini usinitaje." Mwalimu mstaafu alimbana mkono kwa nguvu na kupita bila neno. Hermína alirudi nyumbani na hasira mpya kila siku. "Wananipongeza kama watu wanaonunua mali ya wizi!"

Wiki moja kabla ya uchaguzi tulikuwa bustanini, yeye anang'oa kabichi za mwisho, mimi namshikia kapu. Ambróz akaja akaegemea uzio. Ni mtu mzima, kila Jumapili utamwona kanisani pembeni ya mama mkwe wake, na kwenye maandamano yeye ndiye anayeshika ule mti mwingine wa mwavuli, mkabala na Vendelín. Alizungumzia baridi. Alizungumzia kabichi. Kisha akashusha sauti.

"Mama Hermína... siku yangu ikifika, na mimi unitangaze vile vile."

"Vile vipi?"

"Kama mzee Ctibor. Bila... si unajua."

"Sijui. Bila nini? Sema."

"Bila hivyo vitu vya padre."

Hermína alinyooka, kabichi mkononi. "Kwani wewe huamini?"

"Sijawahi. Tangu jeshini." Alikuwa ananong'ona kabisa sasa. "Ila nyumbani hawajui. Na kazini, wewe unajua, Vendelín na mwenye kiwanda ni marafiki."

"Una miaka mingapi, Ambróz?"

"Hamsini na nane."

"Na mimi sabini na nne. Kwa hiyo umepanga ufe, halafu mimi kizee nifufuke nikusemee?"

"Mama, polepole..."

"Polepole nini! Kesho kutwa kuna mkutano wa wagombea. Vendelín atasimama pale aseme sisi sote ni hivi na sote ni vile. Nenda uinue mkono. Sema, mimi simo. Maneno mawili! Nimechoka kusema vya watu. Vya Chama nimesema, vya msalaba nimesema, sasa na vyako wewe mtu mzima unanipa nisubiri? Una mdomo, una meno, unakula! Sema ukiwa hai, mjinga wewe!"

Ile sauti haikuhitaji nguzo wala waya. Ilivuka uzio, ikavuka barabara, na mbwa wa nyumba ya pili akaanza kubweka.

Ambróz aligeuza shingo akatazama barabarani juu, akatazama chini, kisha akaanza kuyakagua madirisha ya ng'ambo, moja moja, aone lipi limefunguliwa.